Kumtoroka Chiriku

6 Februari

Wifi yangu,

Huko kambini mnaendeleaje, na hayo masufuria yako makubwa kama mapipa bado yanakutii? Sisi huku wazima, ukiacha mgongo wangu ambao umeanza tena kunikumbusha umri. Karakana kazi ipo. Nimeletewa makochi sita ya ofisi moja, yote yamebonyea katikati, sijui wenyewe wanasimama saa ngapi. Mdogo wangu wa mwisho amepata mchumba mwingine, wa tatu huyu; safari hii tumekubaliana hatumzoei mapema.

Najua unashangaa kuona barua badala ya simu. Simu tumeshaijaribu. Unapanda kile kilima chenu kutafuta mtandao, dakika mbili tunasalimiana, ya tatu tunagombana, ya nne simu inakatika, na mimi nabaki sijui kama imekatika yenyewe au umekata wewe. Kwenye barua hatuwezi kukatizana. Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Ni habari za mwanao. Huu mwezi wa nane tangu bweni limfukuze ukamleta kwangu, na sikufichi, nilimpenda siku ileile. Anacheka kama marehemu kaka yangu, kwa mabega. Lakini Chiriku simwelewi. Jumatatu mimi ni shangazi asiye na mfano: ananichemshia chai, ananikanda mgongo, anamwambia kila mteja kwamba bila mimi angekuwa ameshakufa. Jumatano nimechelewa kumjibu kwa sababu nina misumari mdomoni, basi mimi ni mnafiki, sijawahi kumpenda, natafuta tu sababu ya kumtoa.

Sasa Ijumaa iliyopita sponji iliniishia. Nilijua nikisema natoka ataanza: unaenda wapi, na nani, unarudi lini, na mimi nilikuwa na haraka. Nikasubiri aingie bafuni, nikatoka kimyakimya. Nilikaa huko saa mbili. Kurudi, kochi la watu watatu nililolimaliza asubuhi limechanwa kutoka mkono mpaka mkono kwa kisu changu cha kukatia sponji, na yeye amekaa sakafuni katikati ya yale mavumbi, ametulia kama mtu anayesubiri gari. Akasema, "Nilidhani umeondoka." Nikamwambia, mwanangu, nilienda dukani. Akasema, "Wote huwa mnaenda dukani."

Akanyanyua mkono kujifuta pua, nikaona alama. Za zamani na za siku hiyo. Nikamwosha, nikamfunga bandeji.

Kochi nimeshalishona upya, usiniletee habari za kochi. Nataka kujua jambo moja. Baba yake alipofariki alikuwa na miaka minne. Kwangu amefika ana kumi na tano. Hapo katikati aliishi wapi, na kwa nani? Nikikaa naye hivi bila kujua kitu nitamharibu zaidi, na nikimtoa sijui kama atafika huko anakokwenda. Usinijibu "kwa ndugu." Nataka nyumba kwa nyumba.

Ni mimi, wifi yako.


2 Machi

Wifi mpendwa,

Barua yako imekuja juu ya lori la unga, imechelewa na inanuka dizeli, lakini imefika. Pole na mgongo. Mimi mzima, ni macho tu yanayomalizwa na moshi. Wanaume themanini na wawili wanakula hapa mara tatu kwa siku, na wanaojua kusema asante nawahesabu kwa mkono mmoja. Barabara wanayojenga imefika mtoni. Mhandisi anasema daraja litachukua mwaka, msimamizi anasema miezi sita, na mimi nawapikia wote bila upendeleo. Huyo mchumba wa tatu mpeni nafasi, jamani.

Kuhusu Chiriku, wifi, huo ni umri tu. Sisi wenyewe hatukuwa malaika. Marehemu aliwahi kuniambia ulimrushia mwiko ukamkosa, ukampata mgeni. Labda pia umemlegezea kidogo, maana wewe kwa watoto una moyo wa siagi. Kuna bweni jingine nimesikia habari zake, wakali, simu hawaruhusu, geti linafungwa saa kumi na mbili. Huenda likamnyoosha. Niambie nianze kuulizia nafasi.

Hayo mengine uliyouliza yalishapita. Aliishi na watu wazuri tu. Tusifukue.

Mwambie nampenda, na kwamba kazi ikiruhusu mwezi wa sita nakuja likizo. Mgongo uupumzishe.

Wifi yako.


17 Machi

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na poleni na moshi. Habari ya mwiko ni kweli, na yule mgeni hakurudi tena. Jibu lako nimelisoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa.

Bweni hapana. Hilo lifute kabisa.

Nimempeleka kliniki ya vijana. Ni chumba cha mwisho, ukishapita cha chanjo, kina viti vitatu na feni inayolia kama mlango mbovu. Mshauri ni mama mfupi, mpole, haandiki wakati unaongea. Nilienda nikitegemea kuambiwa mtoto hana adabu, au amechezewa, au mimi sijui kulea. Hakusema hata kimoja. Alisema Chiriku ana hofu kubwa ya kuachwa, na hofu hiyo ikimpanda anakuwa kama mtu asiye na ngozi, kitu kidogo tu kinamuunguza. Ndiyo maana kwake mtu ni malaika au ni shetani, wa katikati hayupo. Ndiyo maana wiki hii anataka kuwa muuguzi, wiki ijayo anasema yeye si kitu, ndani hamna mtu. Na kujikata, Chiriku alisema mwenyewe nikiwa nimekaa palepale, hataki kufa, anataka kelele za ndani zinyamaze. Nikauliza ugonjwa huo unaitwaje. Mshauri akasema jina lipo, ila kwa mtoto wa miaka kumi na sita yeye hana haraka ya kumbandika jina, maana bado anajengeka, na wengi wakisaidiwa mapema hutulia. Akanishika mkono akasema huyu aliumizwa akiwa mdogo, na mpaka leo anajikinga kwa mbinu za mtoto mdogo.

Halafu akaniuliza, "Watu wa nyumbani wakitoka, huwa wanamuaga?" Wifi, nilicheka. Nikamwambia mama, watoto sisi tunawatoroka! Unamwonyesha kuku nje, akigeuka umeshapita mlango wa nyuma. Ukimuaga atalia, ukimtoroka halii. Akaniuliza, "Halii, au wewe humsikii?" Nikaangalia feni.

Basi kwangu sasa kuna sheria. Sitoki bila kumwambia naenda wapi na narudi saa ngapi, hata niwe naenda kumwaga takataka. Mara ya kwanza alisema namfanya mtoto. Mara ya pili alikaa mlangoni na saa mkononi, nikachelewa dakika nane, hakunisemesha mpaka kesho yake. Lakini makochi yamepona.

Juzi kwa mshauri alitaja nyumba ya mwenye duka. Akasema neno moja, "stoo," akafunga mdomo. Mshauri hakumsukuma. Mimi ndiye ninayekusukuma wewe. Katika nyumba hiyo kulikuwa na nini?

Wifi yako.


11 Aprili

Wifi,

Barua nimepata. Hapa wazima.

Unaniuliza kama hakimu, basi na mimi nina swali. Chiriku akiwa na miaka sita nilikuandikia. Nilikuomba umchukue mwaka mmoja tu, mpaka nipate kazi ya mjini. Wewe una nyumba, una karakana, huna mtoto. Nilisubiri jibu miezi mitatu. Kila lori likiingia naacha sufuria motoni nakimbia kuuliza, mpaka dereva akawa ananionea huruma. Hukuniandikia hata mstari. Kwa hiyo tukianza kuhesabu waliomtoroka, tuanzie wapi?

Likizo sina uhakika nayo tena.


28 Aprili

Wifi,

Barua hii nimeianza mara tano. Leo sina habari za mgongo.

Barua yako ya mwaka ule niliipata, tena mapema. Nilikuwa nimekukasirikia tangu msiba. Uliondoka siku ya tatu ukarudi kazini, nikasema huyu mwanamke hana uchungu na kaka yangu, basi mtoto alee mwenyewe. Nikasema nitajibu hasira zikiisha. Ziliisha baada ya mwaka mzima, na hapo nikaona aibu kujibu barua iliyokaa mwaka mzima. Nikanyamaza. Chumba kilikuwepo, wifi. Nilikuwa naweka marobota ya kitambaa humo.

Nimeona nikikudai ukweli na mimi niutoe wangu, kwa hiyo nimemwambia Chiriku yote. Alimwaga makopo yote ya misumari sakafuni, akahamia karakana, siku mbili analala kwenye makochi ya watu. Nilikuwa nampelekea chakula namwambia, "Nimekuletea, sasa narudi jikoni," yeye amegeukia ukutani. Siku ya tatu akaja kuuliza kama kuna chai. Nikamwambia ipo. Akanywa vikombe viwili, akasema bado ananichukia, akaenda kuokota misumari.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, njoo hivyohivyo mwezi wa sita. Amekuulizia, ingawa ukimwuliza atakataa.

Wifi yako.


19 Mei

Wifi yangu,

Natumaini mgongo haujambo. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gunia, nikalia mpaka msimamizi akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni vitunguu, naye akaona hamna kitunguu hata kimoja pale.

Siku ya tatu ya msiba niliondoka kwa sababu kazini walinipa siku tatu. Ungeniuliza ningekwambia. Na mimi ningekwambia bila kuulizwa, lakini nilikuwa nakuogopa, ulikuwa unanitazama kama mimi ndiye niliyemuua.

Nyumba zilikuwa nne. Mbili za kwanza walimchoka tu. Ya nne walikuwa wema, ila tayari alikuwa hamwamini mtu. Ya tatu ndiyo ya mwenye duka. Chiriku alikuwa anakojoa kitandani, na yule mama akawa anamfungia stoo, na giza na magunia, kutwa nzima, siku nyingine mpaka kesho yake. Nilikwenda kumwona. Akaniambia yote, wifi, kwa kasauti kadogo, ameshika gauni langu. Kwa hiyo sitakwambia sikujua. Nilijua. Nikamwambia avumilie, mama atarudi kumchukua. Asubuhi nikamtuma kwa jirani akaombe kiberiti, na akiwa huko nikapita njia ya nyuma. Nilijua akirudi sitaweza kuondoka, na nisipoondoka kazi imekwenda, na sina pa kumpeleka. Akakaa pale miezi mitano mingine. Alikuwa na miaka saba.

Umewahi kujiuliza kwa nini mtu anakaa kambini miaka yote hii wakati mjini kuna kazi za jikoni? Naona haya kumtazama mwanangu. Nikimwona namwona anarudi na kile kiberiti.

Likizo nimeomba wamenipa, siku kumi, kuanzia tarehe 12 Juni. Nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu, na nikiondoka nitamuaga kama watu wanavyoagana. Ukiniona nazungukazunguka karibu na begi, nishike.

Wifi yako.


29 Juni

Wifi yangu,

Nimefika salama, nimekuta wamepikiwa na fundi wa matingatinga wiki mbili na wote wamekonda. Sasa wanasema asante. Asante na wewe kwa kunipokea, na kwa kile kitanda ulichosema cha zamani wakati naona wazi sponji ni mpya.

Kuna jambo sikukwambia, maana siku hiyo ulikuwa umepeleka makochi ya wateja.

Siku zile tisa zilikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Habari za stoo nilimwambia siku ya nne, kwamba nilijua na nikamwacha. Alikuwa anang'oa misumari kwenye kochi kuukuu. Akasema, "Nilijua kwamba ulijua," akaendelea kung'oa. Afadhali angenipiga.

Siku ya mwisho kabla ya safari, asubuhi, aliniuliza kesho gari ni saa ngapi. Nikasema saa nne. Akasema ataomba ruhusa shuleni aje stendi. Akaenda zake. Mimi nikabaki na lile begi. Wifi, sikukaa nikaamua. Niliona tu mikono yangu inafunga zipu. Saa sita nilikuwa stendi, saa saba niko ndani ya gari, siku moja kabla, na moyoni najisifu kwamba nimemwepusha mtoto na kilio.

Tulipofika mizani, pale wanapopima magari uzito, tukakaa foleni. Nikaanza kuitunga barua nitakayokuandikia, kwamba kambi imeniita ghafla. Niliitunga vizuri, hata salamu za mgongo wako niliziweka. Halafu nikajisikia ninavyoitunga, nikainuka kitini. Nikamwambia kondakta nishushe. Akasema nauli hairudi. Nikamwambia mimi ndiye ninayerudi, nauli kaa nayo.

Nilirudi kwa pikipiki, begi mapajani. Alikuwa amekaa sebuleni na sare zake, viatu miguuni, anaangalia pale begi lilipokuwa. Kisu chako cha sponji kilikuwa mezani mbele yake. Hakuwa amekigusa, naapa, kilikuwa kipo tu, na yeye yupo.

Akanitazama, akasema, "Umesahau nini?"

Nikasema, "Nimesahau kukuaga."

Akaliangalia begi mkononi mwangu. Kisha akasema, "Basi aga."

Nikamuaga. Nikamwambia naondoka kesho saa nne, naenda kambini, ni mbali, nitarudi tarehe 14 Septemba. Alinitukana, wifi, matusi ambayo sikujua anayajua, saa nzima, na mimi nimesimama na begi mkononi kama mwanafunzi aliyechelewa. Alipochoka akachukua kile kisu akakirudisha karakana mwenyewe. Ulipoingia ulitukuta tunamenya viazi, ukasema, "Leo nyumba imetulia."

Nimekwambia ili usinidhanie mwema.

Wifi yako.


10 Julai

Wifi yangu,

Karibu tena kwenye moshi wako. Huku mvua imeanza na paa la karakana linavuja juu ya kochi la bei ghali kuliko yote, kama vile limechagua.

Nilijua. Jirani alinipigia simu kwamba amekuona unapita na begi saa sita mchana. Nikaacha makochi kwa mwenyewe hayajashushwa yote, nikarudi mbio na mgongo huu, nikitegemea kukuta balaa. Nikawakuta mnamenya viazi. Nilisema nilichosema kwa sababu sikuwa na pumzi ya kusema kingine.

Usidhani amepona. Jumanne alinichukia tangu anaamka, kisa nilimwita mara moja badala ya mara mbili. Amejikata mara moja tangu uondoke. Ila safari hii alikuja kunionyesha mwenyewe, akanyoosha mkono tu mlangoni, na mshauri amesema hilo si dogo. Anaendelea kwenda kila Alhamisi. Akirudi huwa ananuna, halafu anakula sana. Tarehe yako ya Septemba ameiandika kwa chaki kwenye ukuta wa karakana, kubwa, mpaka wateja wananiuliza kuna nini siku hiyo. Nawaambia wifi yangu anakuja. Usinifanye mwongo.

Ila nilichotaka ukijue ni cha siku ile ya stendi. Ulipopanda uliona hakupunga mkono, na nilikuona dirishani ulivyobadilika uso. Gari lilipotoka alilifuata kwa macho mpaka likakata kona, halafu akaendelea kuitazama kona. Nikamwambia twende. Akasema subiri. Tukasimama, watu wanatupita na mizigo yao, mmoja akanikanyaga wala hakusema pole. Nikamshika mkono nikidhani sasa inaanza, hapahapa mbele za watu, na mimi peke yangu.

Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shangazi, mimi sijawahi kumwona mama akiondoka. Huwa nakuta ameshaondoka."

Tukasimama pale mpaka yeye mwenyewe akasema twende.

Wifi yako.